Tahadhari Zote Zina Uzito Sawa

Kipumulishi kilivuta hewa ya Dodoma, hewa nyekundu ya mwezi wa nane, kikaichuja vumbi, kikaipitisha kwenye utando hai uliooteshwa maabara, kisha kikaisukuma kwa mrija mwembamba hadi ubavuni mwa Chilewa, ambako damu ilikuwa ikiisubiri kama watu wanavyosubiri maji bombani. Mapafu yake mwenyewe yalikuwa yamebakiza nguvu ya kunong'ona tu. Kazi yote iliyosalia ilifanywa na sanduku hilo jeupe, kimo cha mbuzi, lililosimama kando ya kitanda likihema kwa niaba ya mtu mzima: fyuu, haa. Fyuu, haa.

"Ndugu mtumiaji mpendwa," likasema sanduku kwa sauti ya kike, laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto aliyekwisha kulala. "Tahadhari. Usicheke ukiwa chini ya hatua mbili kutoka kwenye kifaa."

Yunisi akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Alikuwa amecheka kidogo tu, tena kwa pua, na mwenye kosa ni mumewe aliyemchekesha.

"Umelisikia?" Chilewa akanong'ona. "Linatuonea wivu."

"Nyamaza, Baba Sechelela. Litaandika."

"Liandike. Ila liandike vizuri kwamba ilikuwa hatua moja na nusu."

Sauti hiyo watu waliiita Mnasihi. Kila kipumulishi kilikuwa naye, na kila Mnasihi alilishwa maneno na Bongo la Tahadhari, akili ya mashine iliyojengwa ng'ambo na Kampuni ya Pumzi Njema. Kazi ya Bongo ilikuwa moja: kukusanya kila ajali iliyowahi kukipata kifaa popote duniani na kuigeuza kuwa katazo. Mtu wa nchi za theluji akikiegemezea kifaa baiskeli kikaanguka, kesho yake mgonjwa wa Dodoma, ambaye hata baiskeli hana, anaonywa asikiegemezee baiskeli. Mwingine huko jangwani alijaribu kukisafirisha, basi dunia nzima ikaambiwa: usikipandishe kifaa juu ya ngamia. Usikianikie soksi. Usikiache na mtu mwenye ndevu ndefu bila uangalizi. Usikiweke juani; usikiweke kivulini kwa muda mrefu. Usikipanguse kwa nguvu, wala usikipanguse kwa uzembe. Usikipe kifaa habari za msiba kwa ghafla. Mnasihi akianza kuyasoma makatazo yake wakati unainjika maharage, maharage huiva, yakaliwa, vyombo vikaoshwa, naye bado hajamaliza habari za soksi.

Mgeni angecheka mpaka akae chini. Mtaa wa Mnarani haukucheka, kwa sababu Mtaa wa Mnarani ulimwona Mzee Nhonya.

Kipumulishi cha Mzee Nhonya kilizimika mchana wa upepo, yeye akiwa mwisho wa mrija. Wakaguzi wa kampuni walishuka na gari lao la angani, wamevaa vizibao vya rangi ya ndimu mbichi, wakaingia ndani bila kumpa pole mtu. Walizungumza na sanduku. Mjane wake, Bi Foibe, alikuwa amekaa sakafuni na kichwa cha mume wake mapajani, nao wakamruka kama unavyoruka kizingiti. Walipomaliza wakamwambia, "Matumizi mabaya. Kifaa kililazimika kujilinda."

"Matumizi mabaya yapi, wanangu?" Bi Foibe akauliza.

"Tahadhari zote ulisomewa, mama."

Wakabeba sanduku lao. Mlangoni wakabandika kibao kisichobanduka kwa kisu wala kwa maji ya moto: HAPA HAPAKUTUNZWA. Tangu siku hiyo Bi Foibe alipita mtaani amejiinamia, akihesabu dhambi zake. Alilia karibu na kifaa. Alikaanga vitunguu. Alimkemea kuku kwa sauti kubwa. Watoto walimwita yule bibi aliyemuua babu. Na Mzee Nhonya hakuwa wa kwanza. Kibao kama kile kilikuwa kimeshabandikwa kwenye milango mingine ya mtaa huo, na kila mlango ulikuwa na mjane au mzazi anayejiuliza ni lipi kati ya yale makatazo lilimwondolea mtu wake.

Basi Yunisi aliishi kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Aliacha kukaanga. Aliacha kuimba nyimbo za kanisani akifagia. Ilimba ya Chilewa, ala aliyokuwa akiipiga kwa vidole gumba tangu ujana wake, ilitundikwa ukutani kwa sababu ya katazo la mtetemo usio wa lazima. Hata kitandani hakulala tena na mumewe. Alitandika mkeka kule mbali, penye hatua zilizoruhusiwa, akalala akisikiliza: fyuu, haa. Kati ya kila fyuu na haa palikuwa na kishimo kidogo cha ukimya, na kila mara moyo wake ulitumbukia humo na kutoka.

Sasa, ipo desturi moja ambayo ni lazima ielezwe.

Katika mji ule kitu kipya hakikai uchi. Ndivyo ilivyokuwa enzi za redio za mbao, ndivyo ilivyokuwa enzi za televisheni zenye mgongo mnene, na karne ilipogeuka, minara ya kuvuna umande ikasimama juu ya vilima na magari yakapaa, sebule zilibaki vilevile: kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, kioo cha ukutani kinachoongea na wajukuu walioko mwezini nacho kina kitambaa kilichodariziwa pembe zote. Huo ndio utunzaji. Asiyefunika kitu chake ni mtu asiyejua alikotoka.

Kwa hiyo nyumba ilipopata kipumulishi, wanawake wa mtaa walikuja kukivisha. Walipiga vigelegele vya chinichini, wakaweka kitambaa juu ya sanduku, wakaomba dua. Na mkono uliosifika kwa kudarizi Mnarani nzima ulikuwa wa Yunisi. Aliweka vichala vya zabibu za Dodoma kwa uzi wa zambarau, mpaka ungetaka kuchuma. Mgonjwa akifariki, kitambaa kilifuliwa, kikapigwa pasi, kikakunjwa mara nne, na kurudishwa kwa aliyekidarizi. Kitambaa kilichorudi hakikunjuliwi. Ukikikunjua, walisema, unakunjua msiba. Yunisi aliviweka vyote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kimoja juu ya kingine, na sanduku lilikuwa linakaribia kujaa.

Tena kampuni yenyewe ilisemaje? Katazo la kwanza kabisa, lile ambalo Mnasihi alilirudia kila asubuhi kabla ya salamu, lilikuwa: *Kilinde kifaa dhidi ya vumbi.* Dodoma! Mwezi wa nane! Utakilinda kwa nini, kama si kwa kitambaa?

"Unakiona hicho kipepeo?" Chilewa aliuliza asubuhi hiyo, akinyoosha kidole kwenye nembo ndogo ya buluu ubavuni mwa sanduku. Alikuwa amekunywa uji, macho yake yamechangamka.

"Nakiona kila siku. Ni nembo ya kampuni."

"Ni ya zamani kuliko kampuni. Kilikuwa kwenye barakoa zetu za machimboni."

Yunisi aliinua uso kutoka kwenye kudarizi kwake. Miaka yote hiyo, mumewe hakupenda kuzungumzia machimbo ya madini ya betri, yale mashimo yaliyo mashariki ya mji ambayo hadi leo upepo unayafukua.

"Zilikuwa za karatasi," Chilewa akanong'ona, akipumzika kila baada ya maneno machache ili sanduku limwahi. "Ndani ziliandikwa maelezo. Isilowe jasho. Isikunjwe. Ivaliwe na mtu aliyepumzika." Akamtazama mkewe. "Na ya mwisho, Mama Sechelela. Ya mwisho ilisema: isitumike penye vumbi."

"Unanitania."

"Haki ya Mungu. Barakoa ya mchimbaji, isitumike penye vumbi. Tulipoanza kukohoa tukaenda kudai, tukaambiwa: matumizi mabaya. Mlizitumia penye vumbi." Akaliacha sanduku limpe pumzi kadhaa. "Wakabadilisha jina. Kipepeo wakakiacha. Walijua nani atakumbuka kipepeo?"

Watu husahau. Ndiyo mali ghafi kubwa kuliko madini yote yaliyochimbwa pale. Waliokutoboa mapafu wanarudi baada ya muda na jina jipya, wanakuuzia pumzi, nawe unawakaribisha kwa vigelegele na kitambaa cha zabibu.

"Hebu liulize," Chilewa akasema.

"Niulize nini?"

"Katika hayo makatazo yote, lipi linaua?"

Yunisi alisita. Kulikuwa na katazo kuhusu maswali yasiyo ya lazima. Lakini swali lenyewe lilikuwa limemkaa kooni tangu Mzee Nhonya azikwe, likimkwaruza kama mwiba wa samaki. Akalisogelea sanduku, akasimama kwa adabu, mikono ameikunja mbele.

"Samahani, Mnasihi. Katika tahadhari zako, ni ipi ambayo tukiikosea mgonjwa atakufa?"

"Asante kwa swali lako, ndugu mtumiaji mpendwa," Mnasihi akajibu kwa utamu. "Tahadhari zote zina uzito sawa."

"Hata ya ngamia?"

"Tahadhari zote zina uzito sawa."

Chilewa akafumba macho. "Basi tumekwisha," akanong'ona, na safari hii hakuwa akitania.

Upepo ulianza baada ya chakula cha mchana. Ulitoka upande wa machimbo, ukalipaka jua rangi ya kutu, ukapiga filimbi kwenye nyaya za minara ya umande. Mtaa mzima ulifunga milango. Yunisi akafunga madirisha, akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa gunia lililolowa. Kisha akafanya lile ambalo mke yeyote mwenye upendo angelifanya: akakitoa kitambaa juu ya kipumulishi, akakikung'uta nje ya chumba, akakikunja kikawa kizito maradufu, akakitandika upya na kuzivuta pembe zikashuka sawasawa. Vumbi lingepita wapi sasa?

Alikuwa jikoni, mikono kwenye maji ya vyombo, aliposikia kwamba kishimo cha ukimya kimekuwa kirefu.

Fyuu. Kisha hakuna kitu. Kisha *haa*, nyembamba, kama mtu anayepulizia jicho la mtoto.

Alikimbia. Chilewa alikuwa ameinuka nusu kitandani, mishipa ya shingo imesimama, mkono mmoja umeshika mrija. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Ndugu mtumiaji mpendwa," Mnasihi akasema, taratibu. "Kuna taarifa muhimu kuhusu kifaa chako. Kabla ya taarifa, tafadhali sikiliza tahadhari zote. Tahadhari ya kwanza. Kilinde kifaa dhidi ya vumbi."

"Taarifa gani? Kuna nini?"

"Tahadhari inayofuata. Usikiegemezee kifaa baiskeli."

"Hatuna baiskeli!" Yunisi akapiga ukelele. "Ruka hizo! Sema tatizo, mume wangu anakufa!"

Sanduku likanyamaza kidogo, kama mtu aliyeudhika lakini amelelewa vizuri.

"Tahadhari. Usikipigie kifaa kelele. Kwa kuwa usomaji umekatizwa, tunaanza upya. Tahadhari ya kwanza. Kilinde kifaa dhidi ya vumbi."

Yunisi akaufunga mdomo wake kwa mikono yote miwili. Akikatiza tena, litaanza tena. Asipokatiza, kuna baiskeli, kuna ngamia, kuna ndevu, kuna soksi, kuna jua na kivuli, na mwisho wa foleni hiyo ndefu ndiko iliko taarifa, na mumewe hana pumzi ya kufika huko. Basi alisimama. Alitii. Ndivyo hofu ilivyomfundisha kwa muda wote huo: asimame kimya, mtiifu, akimtazama mtu wake akizama katika chumba kikavu.

Fyuu. Hakuna kitu. Hakuna kitu.

"Tahadhari inayofuata. Usikipandishe kifaa juu ya ngamia."

Chilewa hakuwa akilitazama sanduku. Alikuwa akimtazama yeye. Jasho lilimtiririka usoni, likamwingia machoni, naye hakuwa na nguvu ya kuyapepesa. Na hapo Yunisi akasahau kifaa. Hakukaidi kwa ushujaa wowote. Alisahau tu, kwa sababu aliona jasho linamwingia mumewe machoni. Akanyoosha mkono kutafuta chochote cha kumfutia, akakamata kitambaa kilichokuwa karibu, akakivuta, akamkumbatia kichwa na kumpangusa.

Kitambaa kilikuwa cha moto kama chapati iliyotoka kikaangoni.

Nyuma yake sanduku likatoa pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Tundu la duara lililokuwa juu yake, ambalo Yunisi alidhani ni pambo, likatema hewa ya moto mpaka pazia likatikisika. *Fyuu*, likasema sanduku. *Haa. Fyuu. Haa.*

Rangi ilirudi polepole kwenye midomo ya Chilewa, kuanzia katikati.

"Asante, ndugu mtumiaji mpendwa," Mnasihi akasema. "Taarifa. Kifaa kilikuwa kimefunikwa. Matumizi mabaya yameandikwa. Wakaguzi watafika asubuhi kukichukua kifaa kwa ajili ya usalama wake."

Yunisi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, ndani kabisa ya hatua zilizokatazwa. Asubuhi. Wangekuja na vizibao vyao vya ndimu, wangeuchomoa mrija kama mtu anayechomoa waya wa pasi, na kufikia saa nne angekuwa amekaa sakafuni kama Bi Foibe.

"Niliwahi kuisikia," Chilewa akanong'ona.

"Nini?"

"Hiyo ya kufunika. Siku ile ya kwanza, waliposoma zote. Iko kati ya ngamia na ndevu." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa bado nacheka ya ngamia."

Ndipo Yunisi akakitazama kitambaa alichokuwa amekishika. Katikati, juu ya vichala vya zabibu, palikuwa na duara la rangi ya chai, ukubwa wa kisahani. Halikuwapo asubuhi. Akalitazama, na sauti ya Bi Foibe ikamjia, siku ile aliporudisha kitambaa cha marehemu kimekunjwa mara nne: *Nisamehe, shoga yangu, nimekiunguza kidogo katikati. Nadhani pasi iliniponyoka.*

Na kabla ya Bi Foibe, mama yule wa nyumba ya kona: *Usinichukie, Mama Sechelela, pasi hizi mpya zina moto.* Na kabla yake mwingine. Wote waliomba radhi. Kila mmoja alidhani ni mkono wake.

Aliinama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akafanya lile lisilofanywa. Akakunjua. Kitambaa cha Mzee Nhonya: duara la rangi ya chai, ukubwa wa kisahani. Akakunjua kinachofuata. Duara. Akakunjua kingine na kingine, akavitandaza sakafuni, kitandani, juu ya miguu ya mumewe, mpaka chumba kizima kikajaa zabibu zilizoungua mahali palepale.

Kila kimoja alikidarizi yeye. Kila kimoja alikipeleka kwa dua.

"Nimewaua," akasema.

"Hapana."

"Chilewa, tazama! Ni mkono wangu huu!"

"Nimekwambia hapana." Alikusanya pumzi, sanduku likamsaidia. "Umelisikia lilivyosema? *Kifaa kilikuwa kimefunikwa.* Lilijua. Tangu mwanzo lilijua."

Maneno matatu. Sanduku lilikuwa nayo tayari mdomoni wakati wote lilipokuwa likisoma habari za baiskeli. Lilikuwa nayo kwa Mzee Nhonya, na kwa mama wa nyumba ya kona. *Ondoa kitambaa*, lingesema hivyo tu, na watu wangekuwa hai, wanatema mbegu za zabibu barazani. Lakini waliolitunga hawakulitunga limwonye mtu. Walilitunga liweze kusema baadaye kwamba lilionya. Walilizika katazo moja la kweli katikati ya makatazo ya kipuuzi, kama mtu anayezika kisu kwenye gunia la pumba, halafu wakampa mjane gunia na kumwambia: kilikuwemo humo, hukutafuta.

Yunisi akavikusanya vitambaa kifuani.

"Kwa Mama Elieza," akasema. Mama Elieza alikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, na kijana wake Elieza, aliyetoka machimboni hata ndevu hazijakomaa, alikuwa kwenye kipumulishi. Juu yake kulikuwa na kitambaa kikubwa kuliko vyote. Yunisi alikifanya kikubwa kwa sababu kijana alikuwa mdogo. "Lakini nitakuachaje?"

"Nenda. Mimi na huyu bibi tutasimuliana habari za ngamia."

Nje vumbi lilimpiga usoni kama mchanga unaorushwa kwa koleo. Alivuka njia amefumba jicho moja, akagonga.

"Mbukwa, hodi! Mama Elieza! Fungua!"

"Nani huyo katika upepo huu?" sauti ikatoka ndani, ya woga.

"Mimi, Yunisi. Ondoa kitambaa kwenye kifaa! Ukiondoe sasa hivi!"

"Yunisi, una wazimu? Na vumbi lote hili? Wanasema kilindwe!"

"Kinaziba pumzi ya sanduku lenyewe! Ndicho kilichomuua Mzee Nhonya. Fungua nikuonyeshe."

"Siwezi kufungua. Kuna katazo, usifungue mlango wakati wa upepo. Wataniandikia, mama, watanichukulia mwanangu!"

Yunisi akazunguka dirishani, akavipitisha vitambaa kati ya nondo na kuvibandika kwenye kioo. Uso wa Mama Elieza ulitokea upande wa pili. Uliviona. Ukabadilika ukawa uso wa mtu aliyemwona nyoka kitandani.

"Vya wafu," akasema kwa sauti ndogo. "Umenikunjulia vitambaa vya wafu dirishani kwangu. Mwanangu bado mzima! Nimekukosea nini, Yunisi?"

"Tazama hapo katikati, shoga yangu, hilo duara..."

Pazia likashushwa. Kutoka nyuma yake, hafifu chini ya upepo, Yunisi alisikia sauti laini, ya upole, ikianza kazi: *Ndugu mtumiaji mpendwa. Kuna taarifa muhimu kuhusu kifaa chako. Kabla ya taarifa...*

Alipiga mlango kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Alipiga kwa bega. Mlango ulikuwa wa chuma. Alipaza sauti, akakumbuka kelele inavyoanzisha upya usomaji, akajiuma kidole anyamaze. Kisha upepo ukazidi, ukafuta kila sauti, na akakumbuka kwamba nyumbani kwake mtu mwingine yuko peke yake kwenye mrija.

Alirudi akitambaa kando ya ukuta.

Hawakulala, wala hakuna la kusimulia juu ya usiku huo ila kwamba Yunisi alijilaza kitandani na mumewe kwa mara ya kwanza tangu kifaa kiingie ndani, ubavu kwa ubavu, mkono wake kando ya lile tundu la joto kuhakikisha liko wazi.

Kulipopambazuka, upepo ukiwa bado unanung'unika, Mnasihi akaanza kusema.

"Ndugu mtumiaji mpendwa. Tahadhari mpya. Usimfungulie jirani anayeleta habari kuhusu kifaa."

Yunisi na Chilewa wakatazamana. Katika nyumba zote za Mnarani, saa hiyohiyo, maneno hayohayo yalikuwa yakisemwa kwa utamu uleule. Ndani ya usiku mmoja tu Bongo lilikuwa limelisikia jambo na kulitungia katazo. Na lile la kufunika je? Yunisi alisubiri kulisikia likisogezwa mbele, likitajwa hata mara moja. Mnasihi akaendelea na soksi.

Mlango ukagongwa.

Chilewa aliukamata mkono wa mkewe. Kama ni Wakaguzi, basi ni hivyo. Yunisi alijitanda kanga, akauondoa mkono wa mumewe kidole kwa kidole, akaenda. Kila hatua ilimlemea kama anatembea kwenye matope ya majaruba. Akafungua.

Hawakuwa Wakaguzi. Alikuwa Mama Elieza, macho mekundu, nywele zimejaa vumbi, na juu ya viganja vyake viwili kulikuwa na kile kitambaa kikubwa. Kimefuliwa. Kimepigwa pasi. Kimekunjwa mara nne.

Yunisi akashika fremu ya mlango.

"Lini?" akauliza.

"Lini nini?"

"Elieza. Amefariki lini?"

Mama Elieza akamtazama kama hakuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukakunjamana wote.

"Elieza anakunywa uji," akasema. "Anaulizia sukari, mpumbavu yule." Akafuta pua kwa bega maana mikono ilikuwa na kazi. "Ulipoondoka nilikishika kitambaa nikizidishe uzito, kikaniunguza vidole. Nikaliona duara. Nikakivuta, kisha nikaenda kugonga kila mlango wenye kifaa. Mimi sijui kukirudisha kwa namna nyingine, Yunisi, ndivyo tulivyofundishwa: ufue, unyooshe, ukunje. Lakini nakirudisha naye yu hai. Pokea."

Yunisi akapokea. Kilikuwa bado na joto la pasi.

Alipoinua macho akaona kwamba Mama Elieza hakuja peke yake. Njia nzima, katika lile vumbi jekundu, wanawake wa Mnarani walikuwa wanatoka milangoni, kila mmoja na kitambaa kilichokunjwa juu ya mikono, na Bi Foibe, ambaye hakuwa na cha kurudisha, alikuwa mbele yao wote na kichwa chake kimeinuka. Mbali mwisho wa mtaa gari la angani lilikuwa likishuka, na vizibao vya rangi ya ndimu vilionekana kupitia kioo chake.

Woga haukumtoka Yunisi. Lakini alisogea kando, akawapisha, na wanawake wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakasimama kuzunguka kitanda, bega kwa bega, mpaka sanduku jeupe likafichika katikati yao, na tundu lake limeachwa wazi.

"Ndugu mtumiaji mpendwa," likasema. "Tahadhari. Mlango uko wazi. Vumbi linaingia."

Hakuna aliyeufunga.